Ukifuata Mzigo Dar, Usiache Mtaji Kwenye Bata

Leo naongea na nyie mnaouza kwa stetasi za WhatsApp, Instagram na Facebook mkiwa mbali na jiji. Mfano wangu ni wa huku kwetu, Nachingwea na Ruangwa, ila hata kama uko Tunduru, Mpanda au Kasulu, hesabu ni ile ile.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Safari yangu ya kwanza ya Kariakoo nilirudi Nachingwea kifua mbele. Madera 40, kila moja nimelipata kwa 13,000. Hapa kwetu duka la jumla lilikuwa linaniuzia dera la aina ile ile kwa 18,000. Nikajiambia nimeokoa 5,000 kwa kila pisi, yaani 200,000 nzima. Nikaposti, simu ikaanza kuita, madera yakatoka kwa 25,000. Nikajiona tajiri mtarajiwa.

Wiki tatu baadaye nikakaa na daftari ili nirejeshe mkopo wa kikoba. Hela siioni. Nikahesabu mara ya pili, siioni. Mara ya tatu ndo nikaamua kuandika kila kitu nilichokitoa mfukoni tangu napanda basi. Haya, ona mwenyewe.

Niliondoka na 900,000. Kati ya hizo, 350,000 zilikuwa zangu, 250,000 za kikoba, na 300,000 za wateja waliotanguliza nusu ya bei. Madera 40 yalikula 520,000. Zile 380,000 zilizobaki zilikwenda hivi:

– Nauli kwenda na kurudi: 80,000
– Gesti usiku 3: 75,000
– Chakula: 54,000
– Bajaji, boda na daladala: 31,000
– Wabeba mizigo na kupakia kwenye basi: 30,000
– Bata la Ijumaa usiku: 110,000

Sasa gawanya 900,000 kwa madera 40. Kila dera halikunigharimu 13,000. Lilinigharimu 22,500! Faida yangu ilikuwa 2,500 kwa pisi, jumla 100,000. Na ningebaki hapa hapa Nachingwea nikachukua mzigo wa 900,000 kwa bei ya 18,000, ningepata madera 50 na faida ya 350,000, bila kupanda basi wala kulala gesti.

Hiyo bei ya chee niliyoifuata umbali wa zaidi ya kilomita 500 ilinirudisha nyuma. Usicheke peke yako, maana najua wapo wenzangu humu ambao hawajawahi kupiga hii hesabu.

TATIZO SI BATA PEKE YAKE

Mwanzo nililaumu ile Ijumaa. Kweli 110,000 ni hela. Lakini hebu tuitoe. Tuseme nililala mapema na ile 110,000 nikaongezea madera 8. Ningekuwa na madera 48 na gharama za safari 270,000. Kila dera lingenifikia kwa karibu 18,600. Bado ni zaidi ya bei ya duka la jumla la hapa!

Kumbe kosa la kwanza ni kwamba mtaji wangu ulikuwa mdogo kuliko safari.

Hesabu ya kufanya kabla hujakata tiketi ni hii: chukua gharama zote za safari, gawanya kwa tofauti ya bei ya huku na bei ya kule. Kwangu ilikuwa 270,000 gawanya kwa 5,000, jibu 54. Maana yake madera 54 ya kwanza yanalipa safari tu. Kuanzia dera la 55 ndo unaanza kupata faida ya kwenda Dar. Mimi nilinunua 40. Sikufika hata kwenye mstari wa kuanzia mbio.

Ukiweka na bata, gharama zinakuwa 380,000 na mstari unasogea mpaka madera 76. Usiku mmoja ulinidai madera 22. Siku hizi nikiona meza imejaa, naihesabu kwa madera.

Namba hizi ni za daftari langu. Nauli yako, gesti yako na bidhaa yako ni tofauti, kwa hiyo weka zako. Ila usisafiri kabla hujajua pisi zako za kulipa safari ni ngapi.

Na kama mtaji haufiki? Zipo njia tatu.

Ya kwanza, unganeni. Wauzaji watatu, mmoja wa Nachingwea, mmoja wa Ruangwa, mmoja wa Liwale, mtumeni mmoja. Ile 270,000 inakuwa 90,000 kwa kila mtu, na pisi zako za kulipa safari zinashuka kutoka 54 mpaka 18. Andikeni kwenye karatasi nani katoa shilingi ngapi na anataka nini, saizi gani, rangi gani. Urafiki usiwe ndo mkataba.

Ya pili, nenda mara moja kujuana na maduka, halafu oda zinazofuata piga simu mzigo uletwe kwa basi. Anza na oda ndogo ambayo hata ikipotea hutalia. Ukiona mwenye duka anatuma kile kile mlichokubaliana mara mbili tatu, ongeza taratibu.

Ya tatu, baki kwenye jumla ya Masasi, Lindi au hapa hapa mpaka mtaji ukue. Hakuna aibu. Mteja hakuulizi dera umelitoa wapi.

Sisi wa Nachingwea tulipaswa kulijua hili kabla ya watu wote. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa kwetu, Kongwa na Urambo. Wakamwaga mamilioni ya pauni, wakaleta matrekta, wakajenga mpaka reli ya kuja Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na baadaye hata reli ikang'olewa. Hela ilikuwepo nyingi tu. Ila waliharakisha kumwaga hela kabla hawajaijua ardhi na mvua zake. Sasa kama serikali yenye mamilioni ya pauni iliumia, wewe na laki zako za kikoba usiende kwa kukisia.

KARIAKOO UIJUE KABLA HAIJAKUJUA

Haya, tuseme mtaji unafika na umeshuka Mbagala Rangi Tatu. Unafuata Barabara ya Kilwa mpaka Kariakoo.

Usiogope. Kariakoo imebeba jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Carrier Corps, na neno machinga wengi tunaamini limetokana na Wamachinga, vijana wa kwetu Lindi waliokwenda Dar kutembeza bidhaa mkononi. Kwa hiyo ile sehemu ina jasho la kusini. Tembea kama mwenyeji.

Mtaa wa Kongo nenda kwa nguo na vitu vya machinga. Mtaa wa Uhuru umejulikana miaka mingi kwa kanga na vitenge. Aggrey ukitaka mambo ya simu na makava. Mitumba nenda Karume, pale Ilala. Na Ubungo, palipokuwa stendi ya zamani, siku hizi kuna kituo kikubwa cha biashara cha EACLC, nacho pitia uulize bei ulinganishe.

Ukiingia tu utakutana na mawinga. "Dada mkubwa, njoo huku, bei ya godauni!" Winga si adui, anatafuta riziki kama wewe. Lakini hana duka. Anakupeleka kwenye fremu ya mtu, na chake kinawekwa juu ya bei yako. Siku ya kwanza zunguka peke yako, bidhaa hiyo hiyo iulize maduka matatu, tena kwa maneno haya: "Jumla inaanzia pisi ngapi? Naruhusiwa kuchanganya rangi na saizi? Ikiwa na kasoro narudisha?" Hilo swali la tatu ndo linaonyesha unaongea na nani.

Ukiona bei ya kutupa, jiulize kwa nini inatupwa. Viatu vya 6,000 wakati vingine ni 12,000, fungua boksi zote. Mara nyingi utakuta saizi ni 36 na 37 tupu, au mguu mmoja umepauka kwa kukaa dirishani. Bei ya chee ni ile ya kitu ambacho mteja wako angekinunua hata kisingekuwa chee.

Mambo matatu usiyaache.

Risiti. Dai risiti ya EFD kila duka. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia mambo ya kodi na kamatakamata, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa, ambaye pia alikuwa mbunge wetu wa Ruangwa, akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Mvutano ule ni mkubwa kuliko sisi, ila ukikutwa njiani na mzigo usio na risiti, hautakuwa wao, utakuwa wako.

Feki. Makava ya simu sawa, lakini jezi za Simba na Yanga zina wenye haki zao, na Tume ya Ushindani, FCC, huwa inakamata bidhaa bandia. Ruangwa mpira ni damu. Namungo wapo Ligi Kuu tangu msimu wa 2019/20, na siku timu kubwa inakuja Uwanja wa Majaliwa jezi zinauzika kweli. Chukua halali, weka faida ndogo, ulale usingizi.

Vipodozi. Tangu 2019 vinasimamiwa na TBS. Vyenye zebaki na haidrokwinoni ni marufuku. Usimuuzie dada wa watu kitu cha kumuunguza uso kwa sababu ya faida ya 3,000. Nachingwea ni ndogo, utakutana naye sokoni kila siku.

RANGI YA USIKU

Sasa nirudi kwenye ile Ijumaa, maana kuna kidonda sijakionyesha.

Kati ya yale madera 40, sita yalikuwa oda ya dada mmoja wa Ruangwa. Alitaka sare, bluu bahari iliyokolea, yeye na ndugu zake kwa ajili ya harusi ya mdogo wao. Alishatanguliza 75,000. Mchana wa Ijumaa niliyakuta duka moja kwa bei ya wenzake, nikasema ngoja nizunguke kidogo.

Jioni nikapigiwa simu na shoga zangu wa zamani. "Uko Dar halafu umejifungia gesti? Toka mama!" Tukaenda Sinza. Nyama choma, ndizi, vinywaji, muziki, kiingilio, bajaji kwenda, bajaji kurudi. Sitasema uongo, nilifurahi sana. Ila narudi Kariakoo usiku mwingi, najua kesho natakiwa niwe nafungasha, na sare sijachukua. Nikakuta mtu kapanga madera chini ya taa barabarani. Bluu ile ile, sita, bei chini kidogo ya dukani. Nikalipa hapo hapo, nikaona nimepatia.

Nimeyafungua Nachingwea, juani. Manne bluu, mawili yanaelekea zambarau.

Nilimpigia simu mwenyewe kabla hajayaona. Kimya kirefu, halafu akasema, "Dada, harusi Jumamosi." Hakunitukana. Bora angenitukana. Nilimrudishia 75,000 zake siku ile ile, na yale sita nikayauza 15,000 moja baada ya jingine, nikieleza wazi rangi zake. Ukitoa hiyo, faida yangu ya 100,000 ikashuka mpaka 40,000. Kikoba chetu riba ni asilimia 10, nikatoa 25,000. Safari nzima ya Dar ikaniachia 15,000 na mteja mmoja mwenye kinyongo.

Kwa hiyo hili nalisema kwa herufi kubwa: USINUNUE RANGI USIKU. Mwanzoni mwa 2025 mkoa wa Dar es Salaam ulizindua mpango wa biashara saa 24 pale Kariakoo, na usiku una raha yake, jua halikuchomi na unatembea bila haraka. Tumia usiku kuulizia bei, kuchukua namba za maduka, kufungasha, kununua vitu visivyo na shida ya rangi kama vyombo vya plastiki na chaja ulizozijaribu. Nguo, nywele, mikoba na vipodozi, subiri jua. Toa kitu nje ya duka, kitazame mlangoni.

BATA LILE, ILA LIWE NA FUNGU LAKE

Sisemi ujinyime. Mtu ametoka Ruangwa, amekaa kwenye basi siku nzima, amebeba maroba, halafu unamwambia asione hata bahari? Hapana. Dar usiku ina kila kitu. Supu ya pweza kando ya barabara, mishkaki, chipsi mayai, singeli iliyotoka Manzese na Tandale, na kwa wapenzi wa dansi la zamani, Msondo Ngoma inapiga tangu 1964 na Sikinde tangu 1978. Nenda. Ila fuata sheria hizi nne ninazozifuata mwenyewe sasa.

1. Mzigo kwanza, bata baadaye. Nunua, fungasha, peleka ofisi ya basi, chukua stakabadhi ya mzigo, piga picha. Baada ya hapo ndo uulize leo tunakwenda wapi. Ukianza na bata, kesho yake unanunua kwa haraka na kichwa kizito.

2. Fungu la bata liandikwe kabla. Langu ni 20,000 kwa safari. Naitoa taslimu, simu yenye hela za biashara inabaki gesti imefungiwa, na namba ya siri hata shoga haijui. Ile 20,000 ikiisha, na starehe imeisha.

3. Hela ya mteja haili bata. Oda zilizolipiwa ziwe kwenye laini nyingine kabisa. Ile 300,000 ya wateja wangu ilikuwa mfuko mmoja na hela ya nyama, na baada ya saa nne usiku hela zote zinafanana.

4. Chakula cha kazi si chakula cha starehe. Mchana kula kwa mama lishe wa mitaa ile ile ya Kariakoo. Wali maharage, mchicha, samaki, unashiba. Na kaa naye vizuri, maana mama lishe anapeleka chakula kwenye fremu zote. Anajua duka gani linakopesha vijana likawalipa, na lipi linagombana na wateja kila siku. Mimi duka langu la madera la sasa nilielekezwa na mama lishe, tena bila kumlipa zaidi ya sahani ya wali.

Tena lipo bata linaloleta hela. Safari yangu ya pili nilikwenda Coco Beach Jumapili jioni. Mihogo ya kukaanga na pilipili, mishkaki miwili, maji, basi. Nikakaa nikawa naangalia watu. Wadada wamevaa nini? Viatu gani? Vijana wameshika mikoba ya aina gani? Nikaandika kwenye simu. Watu wa kwetu wanaiona Dar kila siku kwenye simu zao. Kinachovaliwa pale Jumapili, baada ya miezi michache wanakiulizia Nachingwea. Niliona mitindo miwili ya sendozi imerudiwa mara nyingi sana. Jumatatu asubuhi nikapiga picha dukani, baada ya kuomba ruhusa ya mwenye duka, nikaweka stetasi: "Niko Kariakoo sasa hivi, mwisho wa oda saa nane mchana." Nikanunua zilizolipiwa, na chache tu za ziada. Jioni ile ya mihogo ilinilipa.

NUNUA DAR KWA KALENDA YA KWETU

Kosa jingine la wauzaji wa huku ni kununua kwa kalenda ya Dar. Kule watu wanasubiri mwisho wa mwezi. Huku kwetu walimu, manesi na watu wa migodini wanasubiri mwisho wa mwezi pia, lakini mteja mkubwa anasubiri mnada. Ufuta unaanza kuleta hela katikati ya mwaka. Korosho, minada inaanza Oktoba.

Na kumbuka, mnada si malipo. Bei inatangazwa leo, hela inapitia chama cha msingi mpaka iingie kwenye akaunti ya mkulima, na hapo zinaweza kupita siku kadhaa au wiki. Ukileta mzigo wa kikoba siku ya mnada wa kwanza, marejesho yanakuja kabla ya wateja. Mimi sasa naposti picha mapema, napokea majina ya wanaotaka, na mzigo nauvuta nikianza kusikia watu wanasema "imeingia."

Ndo kipindi cha harusi, vigodoro na watu kujazana mpirani. Starehe za kwetu zinaanza pale. Mteja wako naye anataka kupendeza kwenye bata lake. Muuzie hilo.

Halafu barabara. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake zilikata barabara ya kusini, mabasi na malori yakakwama siku kadhaa. Kipindi cha masika usimwahidi mteja tarehe ya shughuli kwa mzigo ambao bado uko ng'ambo ya Rufiji. Mwambie, "Mzigo ukifika Nachingwea nakupigia." Usiwe na duka moja tu pia. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na Novemba 2024 ghorofa liliporomoka pale pale Kariakoo watu wakapoteza maisha. Wenye maduka ni binadamu, lolote linaweza kuwakuta. Kuwa na namba za mitaa miwili tofauti, na usiache hela yako ya mzigo kwa mtu mmoja eti akutunzie.

KABLA HUJAPANDA BASI, JIBU HAYA

– Gharama zote za safari ni shilingi ngapi, na pisi za kulipa safari ni ngapi?
– Bei ya jumla ya hapa kwetu nimeiuliza wiki hii, au nakisia?
– Hela za wateja ziko laini gani?
– Kila oda imeandikwa rangi, saizi na tarehe ya shughuli?
– Fungu la bata ni shilingi ngapi, na nimeliandika?

Ukishindwa kujibu hata moja, hiyo safari iahirishe. Basi la kesho lipo.

Na yule dada wa Ruangwa? Msimu wa korosho uliofuata nilimtumia ujumbe kabla ya kusafiri. Sikumwomba anunue. Nilimwambia tu, naenda Kariakoo, nitanunua mchana, ukihitaji kitu nitakurekodia video juani kabla sijalipa. Alikaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu akaandika: "Dera moja. Nikilipenda nitasema." Nikamrekodia mlangoni mwa duka, jua la saa sita. Alilipa lote, si nusu.

Haya wapambanaji, zamu yenu. Chukua daftari, piga hesabu ya safari yako ya mwisho, halafu andika hapa chini: bidhaa yako kweli ilikufikia kwa shilingi ngapi? Usione aibu, mimi yangu nimeshaitoa. Na mtumie hii mwenzako anayepanda basi wiki hii.